Mama Pacha wa Kwenye Simu

Kila siku nikitoka shule nilipitia karakana ya baba kabla ya kwenda nyumbani. Kilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, chenye mlango wa bati unaolia ukifunguliwa. Ndani mlikuwa na mabati yaliyosimamishwa ukutani, ngazi mbili, rundo la mbao na kopo kubwa la misumari. Kazi yangu ilikuwa kuichambua misumari hiyo, mizima upande huu na iliyopinda upande ule. Baba alikuwa fundi wa kuezeka, na mtaa mzima ulimwita Misumari kwa sababu akiwa juu ya paa huibana midomoni na kuichomoa mmoja mmoja. Ukimsalimia akiwa kule juu, anakuitikia kwa nyusi.

Mwenzake wa kazi aliitwa Kimya. Jina hilo alipewa kwa utani, maana yule bwana akianza hadithi asubuhi, saa sita inamkuta bado anaeleza mvua ilianzia wapi.

Mwaka ule Kimya alikuwa na muda mwingi wa kuongea kwa sababu kazi hazikuwepo. Zamani paa la mtu likivuja alimuuliza jirani, na jirani alimwonyesha karakana yetu kwa kidole. Siku hizi watu huuliza simu. Simu zao zilikuwa na msaidizi wa akili mnemba: unamuuliza kwa sauti, naye anakujibu kwa sauti, na ukitaka fundi wa paa aliye karibu anakutajia wawili watatu. Sisi hatukuwamo. Hata mwenye duka aliyetazamana nasi, mtu aliyeuona mlango wetu kila akifungua wake, aliuliza simu na akaletewa fundi kutoka upande wa pili wa mji. Macho yake yalipokutana na ya baba aliona haya, akajifanya anatafuta funguo mfukoni.

Siku moja wakati wa kula baba alisema amepata kazi ya ujenzi katika mji wa mbali. Angeondoka mwisho wa mwezi na kukaa huko mwaka mzima. Mama aliinamia sahani yake. Baba aliwahi kuondoka hivyo mara moja, mdogo wangu akiwa bado mchanga. Aliporudi, mdogo wangu alisimama mlangoni, akamtazama kutoka viatu hadi kofia, akamwambia, "Shikamoo mgeni." Sote tulicheka siku ile, isipokuwa baba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu sasa na nilijua vizuri kilichokuwa kikiwazwa mezani. Niliamua kwamba baba hataondoka, na kwamba mimi ndiye nitakayemzuia.

Kesho yake nilikwenda kwa Dada wa Fotokopi, msichana aliyekuwa na duka la kuchapisha karibu na shule na aliyejua kila kitu kuhusu simu. Nilimuuliza inakuwaje msaidizi awataje mafundi wengine na kutuacha sisi.

"Yule hana macho ya kukuoneni," alinijibu huku akipanga karatasi. "Anasoma kilichoandikwa. Kama hamjaandikwa popote, kwake hampo. Na msiandike 'kazi bora, bei nafuu', hayo kila fundi anayasema. Andikeni vitu mahsusi: mnafanya nini, mtaa upi, kwa namna gani. Halafu wateja wenu waseme kwa maneno yao wenyewe."

Alinisaidia kufungua ukurasa wa karakana kwa simu ya mama. Tuliweka picha ya mlango, saa za kazi na namba ya baba, na siku hiyo nilirudi nyumbani nikiruka. Baada ya wiki moja nilimuuliza msaidizi. Alitaja mafundi watatu, na baba hakuwa mmoja wao. Dada wa Fotokopi alinikumbusha habari ya wateja. Basi nikatoka kwenda kuwatafuta watu waliowahi kuezekewa na baba. Nyumba ya kwanza waliniambia nije kesho, na ya pili ilikuwa na mbwa. Jua lilikuwa kali, nami nilichoka kabla hata sijaanza.

Nilirudi nikaingia kwenye chumba ambacho mama alishonea sare za wanafunzi, nikakaa juu ya mzigo wa vitambaa, nikamtengeneza mteja wangu mwenyewe. Nilimwita Mama Pacha. Nikaandika hivi: "Mimi ni mama wa mapacha. Paa letu lilikuwa bovu. Fundi Misumari na mwenzake waliliezua lote asubuhi, sisi tukiwa ndani, na jioni wakawa wameshaezeka jipya. Hata chai ya watoto haikuingia vumbi."

Kuezeka, kwa asiyejua, ni kuiwekea nyumba paa. Kuezua ni kuliondoa. Mafundi wengine wote waliandika kuezeka tu. Mimi nililitia neno kuezua kwa sababu sikuliona kwa mtu mwingine, na niliambiwa niandike vitu mahsusi. Hayo ya watu kuwa ndani niliyaongeza ili ionekane baba ni mwepesi wa mkono. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Nikayabandika maneno hayo kwenye ukurasa wetu na kwenye orodha nyingine mbili za mafundi, nikaenda kucheza.

Siku ya tisa nilimuuliza tena msaidizi. Sauti yake ilikuwa ya mwanamke mtulivu, asiye na haraka. Alisema kuna fundi aitwaye Misumari. Akaendelea, "Mama mmoja mwenye mapacha anaeleza kwamba paa lake liliezuliwa na kuezekwa upya siku hiyo hiyo, bila familia kulazimika kutoka nyumbani."

Nilitarajia kufurahi, na kweli nilifurahi kidogo. Lakini niliiweka simu chini haraka. Hakuwa amesoma maneno yangu kama nilivyoyaandika. Aliyasema kwa maneno yake, taratibu, kama mtu aliyekwenda kwa yule mama, akaketi naye na kuzungumza naye.

Kazi zilianza kuja. Kwanza mwalimu mmoja aliyetaka kuezekewa baraza, kisha watu wa nyumba iliyovuja jikoni. Baba alimpigia simu msimamizi wa ule ujenzi akamwomba amngoje kidogo. Begi alilokuwa ameanza kulipanga likarudishwa juu ya kabati, na mama akaanza kuimba akishona. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Ndipo shangazi yangu alipokuja kututembelea.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, na hakuna habari inayopita mtaani bila kupumzika kwake. Alikunywa chai, akasema hata yeye amesikia simu ikimsifu kaka yake.

"Na huyo Mama Pacha namfahamu," alisema. "Si yule mrefu, mwenye miwani, anayekaa kule bondeni?"

Baba alisema hamkumbuki. Shangazi akamwambia atamkumbukaje, na yeye muda wote yuko juu anatazama bati. Wote wakacheka. Mimi niliinuka nikaenda kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Tangu siku ile Mama Pacha akawa mrefu na mwenye miwani. Kabla ya hapo alikuwa maneno tu, sasa alikuwa na urefu, uso na mahali pa kukaa. Nilianza kumwona. Nilimwona kwenye bomba akiwa amenipa mgongo, nikasubiri mpaka akageuka na kuwa mtu mwingine. Nilimwona kupitia dirisha la darasa tukiwa kwenye hesabu, mwanamke mrefu akipita nje ya ukuta wa shule, na mwalimu alipouliza jibu nilisimama nikasahau hata swali. Siku moja mama mmoja mwenye miwani alinisimamisha barabarani kuniuliza njia ya kwenda zahanati, mchana kweupe, watu wamejaa. Nilikimbia bila kumjibu. Nilijua fika kwamba nimemtunga mwenyewe. Kulijua jambo hilo hakukunisaidia chochote.

Lakini aliyeteseka zaidi alikuwa baba, na hili ndilo ninaloona uchungu kulieleza. Wateja wapya walimtajia Mama Pacha kila mara. Walimuuliza kama na wao watafanyiwa kama yule mama. Baba alikuwa na daftari ambamo alichora kila paa aliloliezeka, na kando ya kila mchoro aliandika siku aliyorudi kulitazama baada ya mvua ya kwanza. Hakuwahi kuruka hata moja. Nilimkuta karakana amelifungua daftari lile ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea taratibu juu ya michoro.

Alimuuliza Kimya. Kimya hajawahi kukubali kwamba kuna hadithi asiyoijua, hivyo akasema anadhani ni ile nyumba ya bati jekundu.

"Mle aliishi mzee peke yake," baba alisema. Akalifunga daftari, akabaki ameliwekea mkono juu.

Jioni hiyo nilikuwa chumbani nikifanya kazi ya shule, na baba alikuwa upande wa pili wa pazia na mama. Aliongea kwa sauti ya chini. Alimuuliza kama amemwona akisahau vitu vingine. Mama alisema hapana. Baba akamkumbusha kwamba marehemu babu alianza hivyo hivyo, kwa kusahau wateja, kabla ya kusahau majina yetu. "Nyumba nzima nimeiezua na kuiezeka," alisema, "na sikumbuki hata mlango wake."

Nilitaka kuinuka na kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikalifikiria lile begi juu ya kabati, nikaufunga.

Siku iliyofuata niliufuta ushuhuda ule kwenye ukurasa wetu, nikajiambia mambo yamekwisha. Nikamuuliza msaidizi ili nihakikishe. Sauti ile tulivu ikasema kuna fundi aitwaye Misumari, na mama mmoja mwenye mapacha anamsifu sana. Zile orodha mbili sikuweza kuzifuta, maana zilikuwa za watu wengine, na huenda kuna wengine walioyanakili maneno yale nisiowajua. Nilimuuliza tena na tena, kwa maneno tofauti. Nilikuwa nimemfuta Mama Pacha, naye bado alikuwa anazungumza.

Ijumaa alikuja karakana bwana mmoja aliyevaa kofia ya kijivu na viatu visivyo na vumbi. Alisema ana nyumba tupu anayotaka iezuliwe paa mara moja ili ajenge upya, na baada ya hiyo ana nyumba nyingine sita za kuezekwa. Sita. Kimya alinyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Baba alihesabu kwa vidole chini ya meza, nikaona uso wake unalainika: kwa kazi ile hakuna begi ambalo lingeshushwa kabatini mwaka huo. Wakakubaliana kuanza Jumamosi asubuhi, nami nikaambiwa niende nao kushika kopo la kukusanyia misumari itakayong'olewa.

Nyumba ilikuwa mwisho wa njia ya udongo, kuta zake zimebanduka plasta. Kimya aliegemeza ngazi. Mimi niliona kamba ya nguo pembeni, na kwenye kamba mashati mawili madogo ya rangi moja, saizi moja, yakidondosha maji. Kando yake kaptura mbili. Niliyatazama yale mashati mpaka macho yakaniuma.

Baba naye aliyaona. Alivua kofia, akaenda mlangoni kupiga hodi.

"Hodi ya nini, fundi?" yule bwana aliuliza. "Nimekwambia hamna mtu."

"Mimi paa nalianzia ndani," baba alimjibu. "Nikiwa chini yake ndipo ninapoona matundu, kwa mwanga. Bila hivyo sipandi ngazi."

Yule bwana alicheka. Alisema asimletee mbwembwe, kwani si wao wenyewe wanaojitangaza kwamba huezua watu wakiwa ndani? Hiyo ndiyo sababu aliyowachagua. Aliuliza simu ni fundi gani anayeezua nyumba ikiwa na watu, na katika mji mzima lilitoka jina moja. Akatoa simu yake, akauliza tena mbele yetu, akaishika juu ili baba asikie.

Sauti ile ilitoka pale uani, juani, tulivu kama siku zote. Ilimtaja baba. Ilimtaja mama mwenye mapacha. Ilisema paa liliondolewa lote familia ikiwa ndani.

Ilikuwa bado inasema wakati mlango ulipofunguka. Alitoka mwanamke ameshikwa kitenge na watoto wawili, mmoja kila upande, sura moja. Hakuwa mrefu wala hakuwa na miwani. Aliwatazama watu, akaitazama ngazi, akauliza, "Mnataka kutufanyia nini?"

Kopo lilinitoka mkononi. Nilihisi nimemwita mimi, nimemtoa kwenye simu na kumsimamisha pale ili aezuliwe. Nikakaa chini kwenye udongo, nikaanza kulia, na katika kilio hicho nikasema yote: kwamba Mama Pacha hayupo, hajawahi kuwepo, nimemwandika mimi nikiwa nimekalia mzigo wa vitambaa, na baba hajasahau mtu yeyote.

Baba alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, kofia mkononi. Kisha aliinuka, akamgeukia yule bwana, akamwambia hatafanya kazi hiyo, wala hizo nyumba sita.

Yule bwana alipandisha sauti. Alisema mafundi wa siku hizi kwenye simu wanasema hivi na mbele ya mtu wanasema vile. Baba alimwambia hilo ni kweli na kwamba linamwaibisha, ila paa halitaondoka. Kimya akaibeba ngazi begani kabla hajaambiwa. Bwana akaondoka akisema atapata mwingine.

Baba alinishika mkono akaniinua, akanipeleka mbele ya yule mwanamke. Hakunisaidia hata neno moja. Ilinibidi nieleze mwenyewe, huku mapacha wakinikodolea macho, jinsi nilivyomtunga mama wa watoto wawili ili baba yangu apate kazi, na jinsi maneno yangu yalivyomfikisha mtu mwenye ngazi mlangoni kwake.

"Kwa hiyo ulinitumia mimi," alisema.

"Sikukufahamu, mama."

"Ungenifahamu ungeniuliza." Hakusema kwa hasira. Ningependa angesema kwa hasira. "Wiki hii nzima huyu bwana ananiambia kuna fundi anayeezua na watu ndani. Nimekuwa nikivilaza viatu vya watoto karibu na mlango, na nikisikia kishindo chochote juu nawashika. Nilikuwa nakuogopa wewe, na hata sikujua kwamba upo."

Alikuwa mpangaji wa yule bwana, naye bwana alitaka ahame, lakini mkataba wake wa kukaa pale ulikuwa umebakiza miezi mitano, na alikuwa na karatasi yake. Asubuhi hiyo hiyo baba na Kimya waliongozana naye hadi ofisi ya mtaa wakaeleza walichoombwa kufanya, na hapo hadithi ndefu za Kimya zilisaidia kwa mara ya kwanza maishani mwake. Yule bwana aliitwa, akaonywa mbele ya mashahidi kwamba asiguse bati hata moja kabla ya mkataba kwisha. Baba alirudi akaingia ndani ya ile nyumba, akaangalia juu, akayaziba matundu mawili yaliyokuwa juu ya kitanda cha watoto. Nilimshikia ngazi.

Kuongea kulikuja nyumbani, na sikupigwa wala sikutukanwa. Nilipewa kazi. Kwanza niliandika kwenye ukurasa wetu, kwa maneno ya kawaida, kwamba ule ushuhuda wa mama mwenye mapacha ulikuwa wa uongo, kwamba fundi Misumari hajui lolote juu yake, na kwamba haondoi paa watu wakiwa ndani. Dada wa Fotokopi alinisaidia kuwaandikia wenye zile orodha mbili wayaondoe maneno yale. Alikasirika, nami nilimwelewa, maana ushauri wake ulikuwa mzuri na mimi niliutia uchafu. Halafu nilipewa lile daftari la michoro na kuambiwa nianze na ukurasa wa kwanza.

Nilikwenda nyumba kumi na saba. Walioniambia kesho, nilirudi kesho. Kwa mwenye mbwa nilisimama nje ya lango nikaita mpaka akatoka. Kila mmoja nilimwomba aandike mwenyewe, kwa simu yake, aseme lililo kweli hata kama si sifa. Na kweli walisema. Mzee wa bati jekundu aliandika kwamba fundi alichelewa siku mbili na mwenzake anaongea mno, ila paa lina miaka sita halijadondosha tone. Mwalimu aliandika kwamba fundi alikataa kupanda ngazi kabla ya kukaa barazani nusu saa akitazama juu, mpaka akadhani amelala. Mama mmoja aliandika kwamba siku ya mvua ya kwanza alifungua mlango akamkuta fundi amelowa chepechepe, amekuja kuuliza kama kunavuja, na hakuwa ameitwa.

Wakati huo msaidizi alikuwa ameacha kututaja kabisa. Kazi zilipungua zikabaki moja kwa wiki. Msimamizi wa ujenzi alipiga simu, na baba akamwambia ampe mwezi mmoja tu. Kila nilipolitazama kabati nilijua kwamba safari hii hakuna ujanja, kinachobaki ni kungoja. Nilingoja nikiwa na hofu, lakini ilikuwa hofu ya kawaida. Wanawake wenye miwani walirudi kuwa wanawake wenye miwani.

Wiki ya nne alikuja mtu na gari la matofali, mwenye nyumba mpya upande wa juu wa mji. Alisema ameuliza simu nani atamwezekea, ikamwambia kuna fundi anayechelewa kidogo lakini hulisoma paa kwa ndani kwanza, na hurudi mwenyewe mvua ya kwanza ikinyesha. Alisema wengine wote walisifiwa kwa maneno yale yale, huyu alionekana mtu. Kimya alitaka kujua kama simu imemtaja na yeye. Yule mteja akamwambia ndiyo, imesema anaongea, na karakana nzima ikacheka, Kimya akiwa wa kwanza. Baada ya huyo wakaja wawili wengine. Baba akampigia msimamizi kumwambia asimngoje tena.

Siku hiyo, mteja alipokuwa nje akipima mbao na Kimya, nilimuuliza baba kama amenisamehe. Aliweka nyundo mezani.

"Nilikusamehe siku ile ile," alisema. "Ila nataka ujue ulichokifanya, maana wewe unadhani uliwadanganya wateja. Wateja ni kweli uliwadanganya, na yule mama ulimtia hofu nyumbani kwake. Lakini wa kwanza kuuamini uongo wako nilikuwa mimi. Nililipekua daftari langu mara nne nikimtafuta mtu ambaye hajawahi kuzaliwa, nikajiona nimeanza kuwa kama baba yangu. Ulitaka nibaki nyumbani, na wiki zile nilikuwepo nyumbani nikiogopa kwamba siku moja nitakutazama nisikujue."

Nililivuta kopo la misumari karibu.

"Mwanangu, ukitaka watu wanisifu, waulize waliopo," alisema. "Watasema nimechelewa, na watasema mengine. Hayo naweza kuyabeba kwa sababu nayakumbuka."

Nilimwambia nimeelewa. Akaniangalia kuona kama ni kweli, akaridhika, akaniambia nimwite mteja aingie.